Masisi Ina Historia, na Haina Sababu ya Kungoja Kinshasa

Mtu akitaja kwamba sekta na cheferi za Masisi, hapa Kivu ya Kaskazini, zingeweza kuorodhesha na kulinda mahali pake pa kihistoria, majibu huja haraka, na karibu yote yanafanana. Husemwa na watumishi wa ofisi, na wanafunzi, na wafuga ng'ombe, wakati mwingine hata na wazee ambao ndio wenye historia yenyewe. Mengine yana ukweli ndani yake. Nitayajibu moja moja, ila sitayapa nafasi sawa, maana hayana uzito sawa.

"Hapa hakuna cha kuhifadhi." Anayesema hivi anatafuta jengo la mawe. Anapanda kutoka Sake, anapita Mushaki na Katale, anafika Lushebere, anaona vilima, malisho na vibanda vya waliokimbia vita, kisha anaamua kwamba historia iko Zanzibar au Kilwa. Aende Kasubi, mjini Kampala, walikozikwa makabaka wanne wa Buganda. Nyumba kuu ya pale ni ya miti, matete na nyasi, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Iliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Ikajengwa tena, kwa sababu walikuwepo watu wa koo zenye kazi hiyo wanaojua namna ya kuezeka, na mwaka 2023 ikatolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Au aende pwani ya Kenya, kwenye kaya za Wamijikenda, zilizoorodheshwa mwaka 2008. Mgeni haoni chochote ila msitu. Ndani yake kuna matongo ya vijiji vya zamani, makaburi, na amri za wazee juu ya nani aingie na mti gani usiguswe. Kinacholindwa ni hicho. Sasa uliza Masisi: makaburi ya bami, yaani machifu wa kimila, wa zamani yako wapi, boma la kale lilihamishwa kutoka kilima gani, msitu upi haukatwi kuni. Hutarudi mikono mitupu.

Jirani zetu wa Walikale wana mfano mkubwa zaidi. Katikati ya miaka ya 1950 mzee mmoja wa Kinyanga, Rureke, alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo, akiimba, akiigiza na kusimulia. Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969, na leo unasomwa katika vyuo vikuu ng'ambo. Usingeandikwa wakati ule, sehemu kubwa ingezikwa pamoja na wasimulizi wake. Na katika mkoa huu huu wa Kivu ya Kaskazini, Ishango, mahali Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, ndipo mtafiti Jean de Heinzelin alipochimbua mwaka 1950 mfupa wenye mistari iliyochanjwa kwa mafungu, ambao umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka 20,000. Wataalamu wa hisabati wanaujadili mpaka leo. Mfupa wenyewe uko Brussels. Kwa hiyo swali la kama Kivu ina cha kuhifadhi lilijibiwa zamani, na waliolijibu ni watu wengine.

"Hiyo ni kazi ya Kinshasa." Kwa maandishi, nusu yake ni kweli. Sheria ya mali za utamaduni ni ile ya tarehe 15 Machi 1971, na kuipa mali hadhi rasmi ya taifa ni jambo la serikali kuu. Lakini tazama matokeo. Kongo ina maeneo matano kwenye orodha ya urithi wa dunia: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Hifadhi ya Okapi. Yote ni ya wanyama na misitu. Hakuna hata moja lililoingia kwa sababu ya kazi ya mikono ya Wakongomani au kumbukumbu yao. Ukingoja ofisi ya mbali itambue kaburi lililo nyuma ya shule ya kijijini kwako, utangoja sana.

Wakati huo huo, sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema kwamba mji, komine, sekta na cheferi ni vyombo vyenye nafsi ya kisheria na bajeti yake. Masisi kuna cheferi ya Bahunde, cheferi ya Bashali, sekta ya Osso-Banyungu na sekta ya Katoyi. Walikale ina sekta za Bakano na Wanianga. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji saini ya waziri ili kufungua daftari, kutembea na wazee kwenye kilima na kuandika mpaka uko wapi. Hata Zanzibar haikungoja wageni: mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na UNESCO ikaja kuuorodhesha mji mwaka 2000, miaka 15 baadaye.

Hapa wapinzani wangu wana hoja moja nisiyoweza kuipuuza. Mabaraza ya kuchaguliwa ya sekta na cheferi yamo katika sheria, lakini wananchi hawajawahi kuyapigia kura. Katika uchaguzi mkuu wa 2023 Masisi haikupiga kura kabisa, pamoja na Rutshuru na Kwamouth. Tangu Mei 2021 mkoa umewekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, na mwanzoni mwa 2025 waasi wa M23 wakachukua Masisi-centre, kisha Goma. Nani basi atie saini daftari? Nadhani jibu ni kulifanya daftari lisitegemee saini moja. Mwami au mkuu wa sekta, padri au mchungaji, mwalimu mkuu na wazee wa kila upande washuhudie wote, ili mkubwa mmoja akiondoka kazi isiondoke naye. Utawala umebadilika mara nyingi hapa. Kilima hakijahama.

Ndipo linapokuja lile linalosemwa kwa sauti ya busara kuliko yote: "Vita viishe kwanza." Watu wanahitaji chakula na dawa, nani ana muda wa makaburi? Sina ugomvi na chakula wala dawa. Lakini hoja hii inachukulia kwamba historia hutulia mahali pake ikingoja amani, na haitulii. Mashahidi wake ni wazee, na wazee wa Masisi wamekimbia mara ngapi tangu mauaji ya 1993? Wengi walifikia kambi za kandokando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, na Februari 2025 kambi hizo nazo zikafungwa na watu wakatawanyika tena. Mzee akifia mbali na kilima chake, haachi nyuma ramani. Vita ni sababu ya kuharakisha.

Mfano uko Timbuktu, nchini Mali. Mwaka 2012 wapiganaji waliouteka mji walibomoa makaburi ya mawalii kwa majembe na sululu. Wenyeji nao walitorosha miswada ya kale, wakiipakia katika masanduku ya bati na kuisafirisha kwa magari na mitumbwi hadi Bamako, bila kungoja mkataba wa amani. Kufikia katikati ya 2015 makaburi 14 yalikuwa yamejengwa tena na mafundi wa mji ule, watu ambao baba zao na babu zao ndio waliokuwa wakiyakandika udongo. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu mmoja wa waliosimamia ubomoaji huo kifungo cha miaka 9. Hukumu hiyo iliwezekana kwa sababu ilijulikana wazi nini kilikuwepo, wapi, na kwa nini kiliheshimiwa. Mahali pasipoandikwa popote, anayepabomoa hana kesi.

Sasa dai zito, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: "Mkianza kuorodhesha makaburi, mtawasha moto wa ardhi." Kwa Masisi hofu hii ni ya kweli. Hapa kaburi la babu linaweza kuwa hati ya shamba, na anayeonyesha kaburi anaonyesha haki. Mwaka 1937 Wabelgiji walianza mpango wa kuleta watu kutoka Rwanda na kuwapa makazi Gishari, humu Masisi, wakaunda huko cheferi iliyokuja kufutwa mwaka 1957. Sheria ya mali ya Julai 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa ya taifa, na wenye hati za mjini wakajipatia malisho makubwa juu ya mashamba ya watu wasio na karatasi. Machi 1993 mauaji yakaanza sokoni Ntoto, huko Walikale, yakafika Masisi. Anayejua haya hawezi kucheka mtu anayeogopa daftari.

Lakini hofu hiyo inajibika, kwa sharti tukubali kwanza kwamba ukimya haujazima chochote. Miaka yote hii hakuna orodha iliyokuwepo, na ugomvi umekuwepo. Kilichokosekana ni kumbukumbu ambayo pande mbili zimeiona pamoja kabla ya siku ya kugombana. Kila upande una historia yake midomoni, na kila inaposimuliwa upya inanoa makali.

Ningeweka kanuni tatu. Ya kwanza iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza: kuingia kwenye daftari hakumpi mtu haki ya ardhi wala hakumnyang'anyi, na hakimu asilikubali kama ushahidi wa umiliki. Ya pili, daftari libebe kumbukumbu za wote: makaburi ya bami wa Wahunde, makazi ya kwanza ya waliohamishiwa Gishari, ambayo nayo yanakaribia miaka 90, mahali pa Watwa na Watembo, misheni za zamani, masoko, na majengo ya mashamba ya wazungu. Ya tatu, mahali pa maumivu pasifichwe. Zanzibar, eneo la Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, pamejengwa kanisa, na leo kuna maonyesho yanayoeleza bila kupamba biashara ile ilivyokuwa, ingawa vizazi vya waliouza na vya waliouzwa vinaishi mji mmoja. Sisemi ni rahisi. Kanuni hizi zikikataliwa na upande wowote, basi kazi isianze kwa makaburi, ianze kwa masoko na misheni, ambako kila mtu alipita.

"Uhifadhi ni njia ya kuwafukuza watu." Wanaosema hivi wanakumbuka mbuga, na kumbukumbu yao ni sahihi. Parc Albert, ambayo sasa ni Virunga, ilitangazwa mwaka 1925 na kupanuliwa juu ya ardhi za watu. Watwa walitolewa Kahuzi-Biega katika miaka ya 1970, na uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu uliotangazwa mwaka 2024 ulisema wazi kwamba walidhulumiwa. Ila Virunga ni karibu kilomita za mraba 7,800, inayolindwa kwa bunduki na taasisi ya taifa. Kaburi na miti inayolizunguka ni ukubwa wa uwanja wa mpira, na mlinzi wake ni jirani. Mwenye kuogopa mbuga alitakie eneo la kihistoria msimamizi wa karibu kabisa, yaani kijiji chenyewe.

Limebaki lile la pesa, nalo halichukui muda. Katiba inaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sehemu ya hizo ishuke hadi sekta na cheferi; kila mtumishi wa cheferi anajua zinavyofika, au zisivyofika. Basi tuanze na visivyohitaji bajeti. Daftari lenye jalada gumu. Simu moja ya kupiga picha na kuchukua alama za mahali. Uzio wa miti hai, unaopandwa na vijana wa kijiji kwa siku moja ya salongo, yaani kazi ya pamoja. Amri ya mwami kwamba hapo pasigawanywe viwanja. Nakala moja ikae ofisini, nyingine parokiani, ya tatu ipigwe picha ukurasa kwa ukurasa na kutumwa kwa watoto wa Masisi walioko Kampala, Nairobi na Ulaya, kwa sababu ofisini na parokiani ndiko wenye silaha hufika kwanza.