Mtoto mwenye upungufu wa damu si mvivu

Wako wazazi wanaoamini kwamba mtoto aliyewahi kuugua upungufu wa damu ni mnyonge wa kuzaliwa, na hafai kutarajiwa makubwa uwanjani. Ningewaomba wazingatie habari za Bob Mathias.

Mathias alizaliwa mwaka wa 1930 mjini Tulare, California, nchini Marekani. Utotoni damu yake ilikuwa pungufu. Alichoka upesi, akawa mtu wa kulala mchana na kumeza vidonge vya madini ya chuma. Bahati yake ni kwamba baba yake alikuwa daktari. Uchovu ule haukuitwa uvivu.

Mwaka wa 1948 mwalimu wake wa michezo alimshauri ajaribu dekathloni, yaani michezo 10 kwa siku mbili: mbio, kuruka, kutupa tufe, kisahani na mkuki, na mwisho mita 1,500 wakati miguu imekwisha kabisa. Miezi michache baadaye, akiwa na umri wa miaka 17 tu, alitwaa dhahabu ya Olimpiki jijini London, katika mvua na giza. Mwaka wa 1952 mjini Helsinki alishinda tena kwa pointi 7,887, rekodi ya dunia wakati huo, akimwacha wa pili kwa pointi 912.

Sisemi kwamba vidonge ndivyo vilivyompa dhahabu. Damu ndiyo inayobeba hewa ya oksijeni hadi kwenye misuli. Ikipungua mtoto huchoka, na akitibiwa hurudia nguvu zake mwenyewe.

Ninachopinga ni desturi yetu ya kukimbilia duka la dawa kununua chupa ya "kuongeza damu" bila kupima. Huenda damu inanyonywa na minyoo ya safura, au inaharibiwa na malaria. Mwenye selimundu naye hatapona kwa madini ya chuma pekee. Kipimo ni cha tone la damu tu! Mtoto akichoka ovyo, akila udongo, au ndani ya ukope wake pakiwa peupe, mpeleke apimwe.

Akiandikiwa vidonge, usimpe pamoja na chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini, chungwa husaidia. Kinyesi kikiwa cheusi usishtuke, ni dawa. Wala usiache anapochangamka: kwa kawaida huendelea kwa miezi mitatu hivi baada ya damu kurudi.