Katuni Si Mwalimu wa Kizungu

Kuna imani iliyoshika kutoka Nyeri mjini hadi Karatina, na huku Gakindu, Mukurweini, imeota mizizi kabisa: mwekee mtoto katuni za Kizungu, kaa kando, naye ataanza kuongea Kizungu kabla hajavaa yunifomu. Mzazi mwenye imani hii hana wasiwasi hata runinga ikikesha. Ukimwuliza mbona mtoto wa miaka minne hajaondoka kwenye kochi tangu asubuhi, anakujibu kwa fahari, "Anajifunza." Jirani naye anaitikia kwa kichwa, maana wa kwake ameanza kusema "o mai gadi" kwa pua mbele ya wageni.

Imani hii ni ya uongo. Na kama ingekuwa uongo wa kumpotezea mtoto muda tu, nisingeandika. Tatizo ni kwamba imeivunja familia vipande viwili ndani ya sebule moja, halafu tunaiita burudani ya familia.

Ingia nyumba yoyote ya hapa Jumapili baada ya kanisa. Makochi yamevishwa vitambaa, flashi iliyojazwa filamu kwenye duka la muvi imechomekwa ubavuni mwa runinga. Tuseme inachezwa Coco, filamu ya Pixar ya mwaka 2017. Watoto wamejilaza kwenye zulia. Shosho yuko kwenye kiti karibu na mlango, ungo wa maharagwe magotini, anachambua. Ndani ya filamu bibi mmoja wa Mexico anamrundikia mjukuu wake tamale sahanini; mtoto anasema ametosheka, bibi hataki kusikia habari hiyo. Baadaye kidogo anavua ndara na kumcharaza nayo mwanamuziki aliyethubutu kumsogelea mjukuu. Watoto wanaangua kicheko. Shosho ameiona ndara, na ameicheka, lakini anataka kujua yule mwanamuziki amekosa nini. "Anasemaje huyo?" Mjukuu, macho hayabanduki kwenye kioo: "Ngoja, shosho." Anangoja. Utani unapita, mwingine unaingia, naye anarudi kwa maharagwe yake.

Katika chumba kile, nani alistahili kucheka zaidi? Hakuna mtu Gakindu anayemjua bibi yule wa Mexico kuliko shosho, kwa sababu ni yeye mwenyewe. Ni yeye anayekuongezea githeri bila kuuliza na kununa ukibakisha. Filamu ile nzima inahusu wazee, wafu wa ukoo na kumbukumbu zinazofifia. Mwenye jina lake, Mama Coco, ni nyanya mkongwe ambaye akili imeanza kumtoka. Tumeichukua hadithi ya wazee, tukaifungia ndani ya lugha ambayo mzee wetu haipati, kisha tukamwambia mtoto ajifunzie humo matamshi.

Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini ina alama ya GE, yaani filamu inafaa watu wote. Lakini filamu inaweza kumfaa kila mtu na bado isimfikie kila mtu. Juni 2017 bodi hiyo iliagiza katuni sita ziondolewe hewani, zikiwemo The Loud House, Adventure Time na Hey Arnold!, kwa madai kwamba zilikuwa zinaeneza ushoga kwa watoto. Tulibishana sana juu ya kilichochorwa. Nani katika nyumba anaelewa kinachosemwa? Hilo sikulisikia likiulizwa.

Sasa tuje kwa Kizungu chenyewe. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walitoa matokeo ya jaribio lililopaswa kubandikwa juu ya kila runinga. Waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa wakawasikilizisha Kichina cha Mandarin. Waliocheza na mtu aliyeongea nao uso kwa uso walijifunza kutofautisha sauti za lugha ile. Waliowekewa watu wale wale kwenye video walibaki sawa na watoto ambao hawakuwahi kukisikia Kichina maishani mwao.

Utaniambia wa kwako si mchanga, ana miaka saba. Sawa. Mtoto wa miaka saba huokota maneno kwenye runinga, sikatai. Lakini huyaokota vizuri zaidi akiwa na mtu wa kumwuliza, wa kubishana naye, wa kumrudia utani mezani. Waliotengeneza Sesame Street walilijua hilo tangu ilipoanza mwaka 1969. Walichomeka kwa makusudi utani wa watu wazima na wageni mashuhuri ili mzazi avutiwe kuketi hapo na mtoto wake. Sisi tumegeuza. Katuni imekuwa yaya, na yaya huyo hajibu maswali.

Na shule? Hata sera ya serikali inasema watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, Kiingereza kikiwa somo. Sera hiyo wazazi wengi wa huku huipuuza kwa bidii, na walimu kadhaa vilevile, lakini haikutungwa na wajinga.

Wapo wanaojitetea kwa njia nyingine: picha haihitaji lugha, shosho ataona tu. Hilo ni kweli kwa Tom na Jerry. Ni kweli kwa Shaun the Sheep, ambayo haina neno hata moja linaloeleweka, na ndiyo maana hao wakitokea shosho huweka ungo kando. Vichekesho vya familia vya siku hizi si vya namna hiyo. Ni maneno mfululizo: punda milia anajibizana na simba, shangazi anamsengenya shemeji. Ukiziba masikio unabaki na rangi.

Halafu kuna wanaosema waziwazi kwamba wazee hawaelewi mambo ya katuni. Hao ndio wanaonikera zaidi, kwa sababu wanarudia maneno ya mkoloni bila kujua. William Sellers wa Colonial Film Unit, kitengo kilichoundwa na Uingereza mwaka 1939, alishikilia kwamba filamu za kuonyeshwa Waafrika ziende polepole na zisiwe na hila za kamera, maana akili zetu hazingefuata. Wakati huohuo Waafrika wa mijini walikuwa wakijazana kumtazama Chaplin na makauboi, wakicheka panapochekesha. Leo si Mwingereza anayesema shosho hataelewa. Ni mwanawe, mwenye shahada.

Wengine duniani wameshalimaliza suala hili. Coco ilitoka Mexico Oktoba 2017, karibu mwezi mzima kabla ya Marekani, ikizungumza Kihispania cha kwao, na ikaingiza pesa kuliko filamu yoyote iliyowahi kuonyeshwa nchini humo hadi wakati ule. The Lion King ya 1994 ilitiwa sauti za Kizulu kwa ajili ya Afrika Kusini. Sisi ambao lugha yetu ilitoa Simba, Rafiki na Pumbaa tuliisikia kwa Kiingereza, na tukaona ni sawa.

Mbaya zaidi ni katuni ya Tinga Tinga Tales. Hadithi ni zile za wanyama, kwa nini huyu ana hili na yule ana lile, ambazo shosho alizisimulia jikoni kabla Kenya haijapata runinga. Michoro ilifuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam. Iliyoichora na kuihuisha ni studio ya Homeboyz, hapa hapa nchini, Nairobi. Ilipofika CBeebies ya BBC mwaka 2010, wanyama wetu walikuwa wakiongea kwa ndimi za waigizaji wa Uingereza, Lenny Henry akiwa mmojawapo. Siwalaumu BBC, walikuwa wanawatengenezea watoto wao. Nashangaa sisi, tunaomwekea mjukuu hadithi ya shosho kwa Kiingereza ilhali shosho mwenyewe yuko mita mbili kutoka kwake, kimya.

Si kwamba hatujui kufanya vinginevyo. DJ Afro amejenga jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, na vibanda vya video vikajaa watu ambao hawakuhitaji kamusi. Dar es Salaam walikuwa na msimuliaji wao, Lufufu. Kampala wana VJ Jingo. Katuni ya hisabati ya Ubongo Kids ilianza kwa Kiswahili Tanzania mwaka 2014 na hisabati haikuharibika. Na hapa Mlima Kenya, enzi za VCD, wachekeshaji wa Kikuyu Machang'i na Kihenjo walikuwa wakiwekwa, guka na mjukuu wanashika mbavu pamoja. Ile ndiyo ilikuwa burudani ya familia, na hakuna aliyeketi mlangoni akiuliza amesemaje.

Katika katuni, kinachomeza mamilioni ni kuchora. Sauti ya pili ni gharama ndogo ukilinganisha. Wenye studio watadai haki zao, na walipwe. Vituo vya KBC, Citizen na Inooro vina mawakili wa kuketi nao. Baada ya hapo kinachohitajika ni chumba kisichoingiza kelele za bodaboda, pamoja na watu wanne watano wenye ulimi. Chumba kitatafutwa. Wenye ulimi, aliyewahi kumsikia MC wa ruracio hapa Mukurweini akiwachekesha wakwe wa pande zote mbili kwa saa tatu bila karatasi hatauliza watatoka wapi.