Kompyuta Inapogoma: Kutafuta Hitilafu Kama Somo la Darasani

Mwanachuo atakayepangiwa shule ya msingi huko Chanika, Mbagala au Bunju asishangae akikuta kabatini kompyuta moja au mbili za msaada, zimefunikwa kitambaa, na kuambiwa kwamba zimegoma. Mara nyingi mashine za namna hiyo hazijafa. Pengine zimeshindwa kupokea mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoziongoza programu nyingine zote. Au zimeupokea lakini hazikusanidiwa sawasawa, kisha pakakosekana mtu wa kuuliza hitilafu iko wapi. Maoni ya makala haya ni kwamba kazi ya kuitafuta hitilafu hiyo isifanywe na mwalimu peke yake jioni, wala mashine isipakiwe kwenye daladala kupelekwa Kariakoo kwa fundi kabla shule yenyewe haijajaribu. Kazi hiyo ifanywe darasani pamoja na wanafunzi, kwa sababu ni somo lililokamilika.

Yako mabishano tunayoyasikia kila mara: darasa lina wanafunzi mia na mashine ni moja, sasa watajifunzaje? Mabishano hayo yana nguvu iwapo lengo letu ni kumfundisha kila mtoto kupiga chapa. Kwa lengo hilo mashine moja haitoshi kabisa. Lakini kutafuta hitilafu ni kazi ya macho mengi na mashine moja. Mwanafunzi mmoja husoma maandishi yaliyotokea kwenye kioo, wa pili huyaandika ubaoni, na vikundi hukaa vikajadili chanzo kinachowezekana. Hapa wingi wa wanafunzi, ambao siku zote tunauhesabu kuwa kikwazo, unageuka kuwa msaada.

Kwa kazi hii mfumo huria unafaa zaidi. Linux, ambayo Linus Torvalds alianza kuitoa mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, inaruhusiwa kunakiliwa, kuchunguzwa, kubadilishwa na kugawiwa bila kuvunja sheria. Shule inaweza kuisakinisha leo, ikakosea, na kuisakinisha tena kesho bila kulipia leseni. Hata hivyo, mwalimu achague toleo linalolingana na umri wa mashine yake. Kwa mfano, Debian 12 iliyotolewa mwaka 2023 ilikuwa bado na kisakinishi cha kompyuta za zamani za biti 32. Debian 13 ya mwaka 2025 haikutoa tena kisakinishi hicho. Asiyelijua jambo hili ataweza kushinda kutwa nzima akiilaumu flashi isiyo na kosa.

Natutazame mfano mmoja. Kompyuta ya zamani imesakinishwa Linux, na darasa linataka kuiongezea programu kutoka kwenye intaneti. Inakataa. Maandishi yanasema kwamba orodha ya programu bado haijaanza kuwa halali. Mwalimu mwenye pupa atabadilisha waya wa mtandao, ataingiza flashi nyingine, na mwishowe atafuta kila kitu na kuanza upya. Mwalimu mwenye utaratibu atawauliza wanafunzi swali moja: kitu kinawezaje kuwa "bado"? Bila shaka mtoto wa darasa la tano atajibu kwamba neno hilo linahusu wakati. Hapo ndipo mmoja wao atakapotazama pembeni ya kioo na kuona kwamba kompyuta inaonyesha tarehe ya miaka iliyopita. Kwa hesabu ya mashine, orodha hiyo imetoka siku ambayo haijafika.

Tarehe ikisahihishwa, programu huingia. Lakini somo halijaisha. Umeme ukizimwa ukutani usiku, asubuhi tarehe inarudi nyuma tena. Kwa hiyo tarehe ilikuwa dalili, na chanzo kingali ndani. Mwalimu achomoe waya wa umeme, afungue kifuniko, na awaonyeshe betri ndogo ya duara kama sarafu, ambayo kwa kawaida imeandikwa CR2032. Betri hiyo ndiyo inayoitunza saa mashine inapokosa umeme. Ni kweli kwamba mifumo mingi hujaribu kuisahihisha saa kwa kupitia intaneti, lakini mahali ambapo mtandao ni hafifu au umezuiwa, betri iliyokufa hujitokeza kwa sura ya hitilafu ya mtandao. Mtoto aliyeiona safari hiyo, kutoka kwenye dalili hadi kwenye chanzo, amejifunza jambo atakalolitumia katika sayansi, katika hesabu na hata shambani.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwanza, maandishi ya mashine yasomwe yote na kunakiliwa kama yalivyo. Pili, iulizwe ni sehemu ipi inayofanya kazi vizuri, ili eneo la kutafutia lipungue. Tatu, vikundi vitoe dhana, na kila dhana iambatane na njia ya kuijaribu. Nne, kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na mashine ikapona, hutajua kilichoiponya. Tano, matokeo yaandikwe katika daftari linalokaa kando ya kompyuta, ili mwalimu ajaye asianze upya.

Lakini hapana budi kuweka mpaka. Yako makosa yanayorudishika, na yako yasiyorudishika. Kubadilisha tarehe kunarudishika. Kukubali kufuta diski yote wakati wa kusakinisha hakurudishiki, na huenda diski hiyo ndiyo iliyobeba alama za wanafunzi za miaka mitatu. Kwa hiyo, kabla ya kusakinisha, kumbukumbu zote zinakiliwe mahali pengine, kisha mfumo ujaribiwe kwanza kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski, kama matoleo mengi ya Linux yanavyoruhusu. Katika hatua hii wanafunzi wasibahatishe, na wala mwalimu asibahatishe.

Limebaki suala la lugha. Mara nyingi maandishi ya hitilafu hutokea kwa Kiingereza, ilhali wengi wa watoto wetu wanasoma kwa Kiswahili. Hili lisitukatishe tamaa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na kuthibitisha kwamba lugha yetu inaimudu kazi hiyo. Mwalimu aendeleze mwanzo huo kwa kubandika ukutani maneno ya mashine na maana zake, yakiongezeka kila hitilafu inapotatuliwa.

Taifa letu limekwisha kuonja gharama ya kuwa na mashine bila watu wa kutosha wanaozielewa. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na mojawapo ya sababu ilikuwa matatizo ya kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine hizo huku wataalamu wenyeji wakiwa wachache. Kitambaa kinachofunika kompyuta kabatini ni marufuku ya namna hiyo hiyo, ila ni ndogo, na haikutangazwa na mtu yeyote. Wanachuo waombe, wakati wa mazoezi ya kufundisha, kuonyeshwa kabati hilo. Wapange kipindi kimoja, wakiwa na chaki, daftari na mashine iliyogoma, na wawaachie wanafunzi waulize.