Fundo la Uzi na Haki ya Kuuliza

Wako wataalamu wenye desturi ya kumcheka mtu asiye na shahada ya fizikia aulizapo habari za asili ya maada. Hulisikia swali lake, hutabasamu, kisha humwambia kwamba jambo hilo lahitaji hisabati ya miaka mingi, na mazungumzo yakaishia hapo. Tabia hii hupewa jina la ulinzi wa elimu. Jina lake hasa ni uvivu uliovaa joho.

Na litazamwe swali moja ambalo hurudi mara kwa mara. Mtu amesoma kwamba, kwa mujibu wa nadharia ya nyuzi, elektroni, kwaki na chembe nyingine zote ni mitikisiko ya nyuzi ndogo kupita kiasi. Huitazama kamba iliyo mkononi mwake, akaifunga fundo, akauliza: ikiwa kila chembe ni uzi, je, haiyumkini kwamba tofauti ya chembe na chembe ni tofauti ya fundo na fundo? Mwenye kiburi huliita swali hilo la kitoto. Ikiwa ni la kitoto, basi wakubwa wa sayansi wa karne ya 19 walikuwa watoto.

Mwaka 1867 Peter Guthrie Tait, profesa wa Edinburgh, alimwonyesha rafiki yake William Thomson wa Glasgow, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, pete za moshi zilizogongana na kurudishana bila ya kuvunjika. Mwaka uo huo Thomson alitoa rai kwamba atomu ni pete za namna hiyo ndani ya etha, kitu kilichodhaniwa kujaza anga lote, na kwamba kila elementi ina fundo lake. Tait akaanza kuyapanga mafundo katika orodha. Rai ile ilikufa. Jaribio la Michelson na Morley la mwaka 1887 halikuona dalili ya etha, na mwaka 1905 Einstein alionyesha kwamba haihitajiwi. Lakini orodha ya mafundo ilibaki, ikazaa tawi zima la hisabati. Mwaka 1984 Vaughan Jones aligundua njia mpya ya kupambanua fundo na fundo, na mwaka 1989 Edward Witten alionyesha kwamba njia hiyo yapatikana ndani ya nadharia ya uga ya kwantumu, jamii ile ile ya nadharia itumikayo kueleza chembe. Mafundo yaliyotoka katika fizikia kwa aibu yakarejea kwa heshima.

Nani walioifanya kazi hiyo ya orodha? Msaidizi mmoja wa Tait alikuwa Thomas Kirkman, kasisi wa parokia ndogo ya Kiingereza. Tena, mwaka 1974, Kenneth Perko, mwanasheria wa New York aliyepata kulisoma somo hilo ujanani, alithibitisha kwamba mafundo mawili yaliyoandikwa mbalimbali katika orodha ya Charles Newton Little tangu mwisho wa karne ya 19 yalikuwa fundo moja. Hesabu ya mafundo ya msingi yenye makutano kumi ikashuka kutoka 166 hadi 165. Wataalamu walikuwa wamelipita kosa hilo kwa miaka 75 hivi. Lau mlango ungalifungwa kwa kila asiyekula mshahara wa hisabati, kosa lingaliendelea kuitwa elimu.

Hata hivyo, kumheshimu mwulizaji si kumkubalia kila alisemalo. Jibu la swali lake ni hapana, na sababu yake yaelezeka. Siafu aliyezungushiwa ukuta juu ya karatasi hawezi kutoka maadamu hajui ila kwenda mbele, nyuma na kando. Akijaliwa kwenda juu, huuvuka ukuta asiubomoe. Kamba nayo hukaa katika fundo kwa sababu sehemu yake moja huizuia nyingine isipite. Uzi uliounganishwa ncha zake ukipewa mwelekeo wa nne, sehemu ile hupisha pembeni, na fundo hufunguka pasipo kukata kitu. Nadharia ya nyuzi mashuhuri yataka mielekeo tisa ya mahali, mbali na wakati. Kwa hiyo fundo halidumu humo. Liwezekanalo ni uzi kuuzunguka mwelekeo mdogo uliojikunja, kama uzi uzungukavyo kidole, na mzunguko huo wana kazi kubwa katika nadharia. Mwulizaji, basi, alikosea mlango akakaribia nyumba.

Maelezo hayo ni ya sentensi chache. Hayakudai hisabati ya miaka mingi. Yalidai subira tu.

Watetezi wa dharau husema kwamba mlango ukifunguliwa wataingia wenye kudai wamegundua siri ya ulimwengu kwa kufananisha maneno mawili. Hofu hiyo ina haki, na dawa yake ni mizani. Mwulizaji sharti akubali rai yake ipimwe na iangushwe, kama ilivyoangushwa ya Thomson. Mizani hiyo pia haimchagui mwenye joho. Fomula ya Gabriele Veneziano, iliyokuwa chanzo cha nadharia ya nyuzi, ilitolewa mwaka 1968, na mpaka sasa hakuna jaribio lililoithibitisha nadharia hiyo kuwa ndiyo asili ya chembe. Mtambo wa CERN, wenye mzingo wa kilomita 27, uliidhihirisha chembe ya Higgs mwaka 2012, uzi haukuonekana. Mtu asimamaye juu ya ardhi isiyokwisha kupimwa hana sababu ya kumcheka jirani anayeuliza kama ni imara.

Wako tena wasemao kwamba mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Uzi, fundo, siafu na karatasi vimekwisha kuwajibu. Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hawakuongeza kwamba aulizwaye ana ruhusa ya kucheka.