Kabla ya Kupiga Kafi, Tazama Mwezi

Ndugu wazazi, matembezi ya kayaki, yaani mtumbwi mwepesi wa kafi, ni furaha halali kwa watoto wetu. Lakini tarehe yake isipangwe kwa kutazama likizo ya skuli pekee. Itazamwe kalenda ya Hijria. Mwezi unapoandama na unapopevuka huwa bamvua: maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, na mkondo huenda kasi. Siku 7 hivi baadaye huja maji mafu, mkondo hulegea. Hizo ndizo siku za wanaojifunza.

Wanafunzi wapelekwe kwenye mikoko ya Ghuba ya Chwaka, si mbele ya Forodhani wanapopishana vyombo vya injini. Waingie maji yakijaa, watoke kabla hayajaanza kupwa, kwani huko maji hutoka mbali mno. Kusi ikivuma kwa nguvu, safari iahirishwe.

Kila mtu, hata hodari wa kuogelea, avae jaketi la kuokolea lililofungwa barabara. Buibui likilowa huwa zito na kuzonga miguu. Mabinti wavae vazi jepesi la stara, jaketi likae juu yake. Mvuvi mwenyeji aongoze, na orodha ya majina ibaki pwani.

Visiwa hivi vililia kwa MV Spice Islander Septemba 2011, na MV Skagit Julai 2012. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha atawakali. Majaketi yasipotosha, safari isubiri.