Chai ya Rozimari: Yasaidia au Yatibu?

Ukitembea mitaa yetu ya Eastlands, tangu Buruburu hadi Umoja, utauona mmea mmoja kwenye nyua nyingi. Majani yake ni membamba kama sindano, ya kijani juu na meupemeupe chini, na ukiyasugua yanaacha harufu kali mkononi. Hiyo ndiyo rozimari. Miaka nenda miaka rudi tumeipita bila kuijali. Wengine wetu tuliitumia kuanikia soksi za shule tu. Siku hizi mambo yamegeuka. Majani yaleyale yanauzwa kwa pakiti, na mchuuzi anakuapia kwamba chai yake inaondoa presha, sukari, maumivu ya viungo na hata usahaulifu.

Mimi siandiki kuipinga chai hiyo. Kwetu tunainywa. Ninaandika kwa sababu ya neno moja nililolitumia vibaya, na nyanya yangu ndiye aliyelilipia.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Nyanya alirudi kutoka stejini na pakiti ya rozimari. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Akaniita, "Njoo unisomee. Si wewe ndiye mtu wa Chama cha Kiswahili?" Nilijivuna kama tausi. Pakiti ilisema kwamba majani hayo husaidia mzunguko wa damu. Mimi, kwa haraka ya kurudi nje, nikamjibu, "Shosho, wanasema inatibu presha."

Neno tu! Kumbe nyanya alilishika. Alikuwa na vidonge vyake vya presha, anameza kila asubuhi. Akavifungia kabatini, akaanza kunywa chai asubuhi na jioni. "Kwa nini nimeze vitu viwili vya kazi moja?" ndivyo alivyotuambia baadaye. Na alijihisi vizuri kabisa, kwa sababu presha ni ugonjwa usiopiga hodi. Waweza kuwa nayo juu sana na usiumwe hata ukucha. Wiki ya tatu, akiwa anafua, kichwa kilimgonga na ulimi ukawa mzito. Tulimkimbiza hospitali kwa gari la jirani. Twamshukuru Mungu yu hai, lakini mkono wake wa kulia haushiki kikombe sawasawa mpaka leo. Daktari hakuilaumu rozimari. Aliuliza tu ni nani aliyemwambia aache dawa. Nyanya akanitazama, akanyamaza.

Sasa basi, tuseme ukweli wa mmea huu. Asili yake ni nchi zinazopakana na bahari ya Mediterania. Wataalamu wa dawa wa Ulaya wanakubali chai yake itumike kutuliza tumbo lililovimbiwa na misokoto midogo ya tumbo, na wanasema wazi kwamba wanategemea matumizi ya miaka mingi, wala si majaribio makubwa ya hospitali. Ndani ya majani mna kemikali zinazozuia mafuta yasiharibike, ndiyo maana viwanda vya chakula huzitumia kuhifadhia vyakula. Hayo ni manufaa ya kweli. Lakini kati ya tumbo kutulia na presha kupona pana safari ndefu.

Na sisi watahiniwa tusidanganyane. Mwaka wa 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northumbria, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 144. Waliokaa katika chumba chenye harufu ya rozimari walikumbuka vizuri zaidi, ila walikumbuka polepole zaidi. Hiyo ilikuwa harufu, si chai, na hakuna aliyepita mtihani kwa kunusa ua la jirani. Soma vitabu, ndugu yangu!

Kama unataka kuinywa, fanya hivi. Chukua kijiko kidogo cha majani makavu, au kitawi kibichi kilichooshwa vyema, mimina kikombe kimoja cha maji yaliyochemka, funika dakika tano hadi kumi, kisha chuja. Usiitokose kama maharagwe, harufu yote itakwenda na mvuke. Usichume kando ya Jogoo Road penye moshi na vumbi la magari, wala kwenye ua uliopuliziwa dawa ya wadudu. Kata kitawi cha urefu wa kiganja, ondoa majani ya chini, kipande kwenye mkebe wa rangi uliotobolewa, udongo uchanganye na mchanga, uweke penye jua. Maji kidogo tu. Hata anayeishi orofa ya nne anaweza.

Aidha, kuna tahadhari. Mama mjamzito asiinywe kama dawa. Mwenye kifafa ajihadhari, hasa na mafuta yake, na mafuta hayo hayanywewi na yeyote. Anayemeza dawa za presha, za sukari au za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kwanza. Chai hii, sawa na turungi yetu ya kila siku, hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unapata kutoka kwa sukuma wiki na maharagwe. Kwa hivyo dada zangu, msiteremshie chakula kwayo. Ngojeni saa moja hivi.

Wapo watakaosema ninadharau dawa za mababu. La hasha! Dawa ya malaria tunayopewa hospitali ilitoka kwa mmea wa Uchina, na Bi. Tu Youyou aliyeigundua alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Gome la mti wa muiri, unaoota katika misitu yetu ya Kenya, hutengenezewa dawa ya tezi ya kibofu huko Ulaya. KEMRI ina kituo kizima cha kuchunguza dawa za kienyeji. Lakini mimea hiyo ilipimwa kwanza, ikajulikana kiasi gani kinafaa na kiasi gani kinadhuru. Mchuuzi wa stejini hajapima chochote isipokuwa mfuko wako.

Ombi langu kwa wanachama wenzangu ni moja. Kutuliza, kusaidia, kutibu na kuponya si maneno ya kubadilishana kama viti vya darasani. Kule nyumbani sisi ndio wakalimani. Sisi ndio tunaosomea wazee pakiti, barua za hospitali na maagizo ya dawa. Tukikosea mtihanini tunapoteza alama. Tukikosea nyumbani, mtu anapoteza mkono. Usipolijua neno, sema hulijui, kisha uulize.

Nyanya bado anakunywa chai yake, kikombe kimoja, kwa idhini ya daktari. Vidonge havifungiwi tena kabatini, viko mezani. Mimi ndiye ninayemsomea kila pakiti, polepole, neno kwa neno. Wahenga hawakukosea waliposema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.