Usitukane Wakunga na Uzazi Ungalipo

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya maudhi ya kila siku kazini, na namna ya kumwendea mwajiri wa zamani tunapohitaji msaada wake. Mambo haya mawili ni ndugu.

Maudhi ya kazini mara nyingi ni madogo. Sisi wauguzi tunayajua. Zamu ya usiku imekwisha, anayekuja kutupokea hajafika, na nyumbani mtoto anangoja kunyonya. Likizo tuliyoiomba tangu Januari amepewa mwingine. Mkubwa anatukaripia mbele ya wagonjwa kwa kosa lisilo letu. Walimu na makarani nao wana ya kwao. Moja peke yake halitushindi, lakini yakijazana juma zima hulipuka. Na mara nyingi hulipukia nyumbani, juu ya mtoto aliyemwaga uji.

Basi tufanyeje? Kwanza tujiulize: Je, jambo hili litakuwa na uzito mwezi ujao? Kama halina, tuliache lipite. Kama linao, tumwambie mhusika mwenyewe, faraghani, hasira ikiisha kupoa. Tusiliseme kwenye chumba cha chai, wala katika kundi la simu ambako maneno makali huhifadhiwa. Badala ya kusema "wewe kila siku unachelewa," tuseme, "Dada, Jumanne na Alhamisi niliondoka saa 3 badala ya saa 2, na mtoto alikuwa hajanyonya. Tusaidianeje?" Mtu akielezwa hivyo hupata la kujibu.

Tukifika nyumbani, sare ya hospitali huvuliwa na mikono hunawiwa kabla ya kumpakata mtoto, kwa sababu ya vijidudu. Hata asiyevaa sare ajipe dakika 10 kama hizo kabla ya kupokea mambo ya nyumba. Zinasaidia sana.

Pengine maudhi yanazidi, tunaamua kuacha kazi. Hapo ndipo tuikumbuke methali ya wakunga. Tunamjua muuguzi mmoja aliyeondoka kwa matusi, akamtupia mkuu wake funguo za kabati la dawa. Miaka 4 baadaye mumewe alipunguzwa kazini, na ada za watoto wawili zikawa zinadaiwa. Kazi ilipatikana, ila walitaka mdhamini aliyewahi kumsimamia. Aliyemsimamia alikuwa yuleyule. Akaenda, akaomba radhi, akaondoka bila kuomba kitu. Juma la pili ndipo akarudi na ombi lake. Barua alipewa, fupi lakini ya kweli: anafika kwa wakati, na dawa za wagonjwa hakosei. Watoto wakarudi shule.

Tujue pia kutenganisha haki na fadhila. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Hicho tukidai kwa adabu, lakini tukidai. Kenya nako, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka cheti hicho kwa aliyefanya kazi majuma 4 au zaidi. Lakini inasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kuandika barua ya kueleza tabia au utendaji wa mtu. Barua ya namna hiyo ni fadhila, na fadhila huombwa.

Tunapoomba, tumchague anayeijua kazi yetu, hata kama cheo chake si kikubwa. Tumkumbushe mwaka na idara, maana amesimamia wengi. Tumpelekee tangazo la kazi na tarehe ya mwisho, tumpe majuma 2 kama inawezekana. Tumwachie mlango wa kukataa: "Shikamoo mama. Nilikuwa chini yako wodi ya watoto. Naomba niandike jina lako kama mdhamini. Kama si rahisi, nitaelewa." Anayekataa mapema ametusaidia kuliko anayekubali kisha akaandika shingo upande.

Yako mambo ya kutoombwa. Tusimwombe atuongezee miaka ya kazi katika cheti, wala atupatie karatasi ya ugonjwa hali hatuumwi, wala dawa bila cheti cha daktari. Anayetia sahihi ndiye atakayeulizwa, naye ana watoto wanaomtegemea kama sisi.

Mwisho, turudi kushukuru, hata kama kazi hatukuipata. Wengi huonekana siku ya shida tu. Salamu ya sikukuu au pole ya msiba haigharimu kitu, na siku nyingine tukibisha hodi, tutajulikana kwa sauti.